Kamera katika Msafara: Picha, Usimulizi na Safari za Bara, 1858–1901

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen mkusanyo wa nathari aliouita Safari za Wasuaheli. Humo mna masimulizi ya watu wa pwani waliokwenda bara, kama Selemani bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari, na hata ya Salim bin Abakari, ambaye safari yake ilimfikisha Urusi na Siberia mwaka 1896. Katika nusu karne iyo hiyo, wasafiri wa Kizungu waliopita njia zile zile walitoa London vitabu vinene vilivyojaa michoro, na mingi kati ya michoro hiyo ilichongwa kwa kufuata picha za kamera. Masimulizi ya Waswahili hayategemei picha yoyote. Wahakiki waliozigusa nathari hizi, tangu Lyndon Harries alipozichapisha baadhi yake upya mwaka 1965, wameichukulia tofauti hii kuwa jambo la mashine za uchapaji na gharama zake. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo inahusu usimulizi wenyewe: kwamba kamera ya msafara na nathari ya msafara ni njia mbili zinazopingana za kuihifadhi safari, na kwamba kila moja ilipoteza kile ambacho nyingine ilikiokoa.

Swali lililotuongoza kwenye hoja hii lilitoka darasani. Tulikuwa tukitazama mchoro mmoja wa msafara, na mwanafunzi wa shahada ya pili akauliza: aliyebeba kamera yuko wapi katika picha? Tulimjibu upesi, kama walimu wafanyavyo, kwamba yuko nje ya picha. Jibu lile halikuwa kosa, lakini lilikuwa jepesi mno.

Kabla ya kulijibu vizuri inafaa tuelewe kamera ya wakati ule ilikuwa kitu gani. Daguerre alitangaza uvumbuzi wake Paris mwaka 1839, na mwaka 1851 Frederick Scott Archer akatoa njia ya kolodioni, ambayo ndiyo iliyotawala kazi ya picha kwa miaka ishirini hivi iliyofuata. Katika njia hiyo, kioo kisafi kilimiminiwa kolodioni, kikachovywa gizani katika dawa ya fedha, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kikafunuliwa mbele ya mwanga kwa sekunde kadhaa, kisha kikarudishwa gizani na kusafishwa papo hapo. Kikikauka kabla ya kusafishwa, kazi yote imeharibika. Mpiga picha wa safarini kwa hiyo hakubeba kamera peke yake. Alibeba vioo, chupa za dawa, sinia, miguu mitatu ya kusimamishia, na hema dogo la giza. Kwa usahihi zaidi, yeye hakubeba kitu. Mpagazi wa msafara wa bara alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kiasi cha ratili 70, na mzigo wa vioo na dawa haukuwa kama mzigo wa nguo au shanga: ukianguka, umekwisha. Kila picha iliyopigwa ndani ya bara katika miaka hiyo ilianza juu ya kichwa cha mtu.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba hata kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili kunatulazimisha kutumia kiambishi -ka-: kikachovywa, kikatiwa, kikafunuliwa. Tutarudi hapo.

Mfano wa kwanza wa kuzingatiwa ni msafara wa mto Zambezi, ulioongozwa na David Livingstone kuanzia mwaka 1858. Huu ulikuwa msafara wa serikali ya Uingereza, na ndani yake kazi ya picha ilikuwa kazi rasmi. Aliyekabidhiwa ni Charles, nduguye Livingstone. Maagizo aliyoandikiwa yanavutia kwa namna yanavyochanganya heshima na upimaji. Aliambiwa apige picha za watu wa makabila mbalimbali kwa ajili ya elimu ya makabila, lakini achague walio bora miongoni mwao badala ya wenye sura mbaya, kama ambavyo ingefanywa kama wangekuwa Waingereza. Pamoja na watu, apige miti, mimea, nafaka, matunda, wanyama na mandhari. Agizo la kwanza ni la kiungwana kwa kiwango cha wakati ule, na hatuna sababu ya kulibeza. Hata hivyo orodha yenyewe inasema zaidi ya sentensi zake. Mtu na mtama wamo katika orodha moja. Wote ni vielelezo.

Picha za Charles zimepotea karibu zote. Zilizotufikia kutoka msafara ule ni hasa za John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea, ambaye baadaye alikuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja na kushiriki katika mambo yaliyoleta mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Ukizitazama picha za Kirk utaona majengo ya Tete, mibuyu, kingo za mto, majani. Mimea na kuta ndivyo vinavyotawala. Ni rahisi kusema kwamba Kirk alipenda mimea kwa sababu ilikuwa taaluma yake, na hilo ni kweli. Lakini mbuyu una sifa nyingine iliyoufaa: hautikisiki. Kamera iliyohitaji kitu kitulie ilivutwa kwenye vitu vitulivu, na kwa njia hiyo bara la watu waliokuwa wakitembea, wakisafirisha bidhaa, wakikimbia vita na kuhamia kwingine, lilianza kuonekana mbele ya wasomaji wa Ulaya kama nchi ya miti na kuta. Hatusemi kwamba Kirk alikusudia hivyo. Tunasema kwamba chombo chake kilikuwa na sarufi yake, na sarufi hiyo haikuwa na kitenzi cha kwenda.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi kwa muda, ila kwetu ndio wenye uzito. Mwezi wa Septemba 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Unguja kuelekea ziwa ambalo Speke alikuwa amelipa jina la malkia wake miaka miwili kabla. Grant ndiye aliyekuwa mpiga picha. Picha zake za Unguja, alizopiga kabla ya msafara kuvuka kwenda Mrima, ni miongoni mwa za kale zaidi zinazojulikana za mji ule. Baada ya kuingia bara picha zinakoma. Speke anaeleza sababu katika kitabu chake cha 1863: kazi ya kutayarisha na kusafisha vioo ilimlazimu Grant kukaa katika joto ambalo, kwa maoni ya Speke, lingemwua upesi, kwa hiyo kamera ilirudishwa pwani pamoja na askari wagonjwa waliotoka Rasi ya Tumaini Jema. Grant akaendelea na safari akichora kwa mkono na kwa rangi za maji.

Wanahistoria wa picha hulitaja tukio hili kama kisa cha vifaa kushindwa na hali ya hewa. Sisi tunaliona kuwa tukio la kifasihi pia. Tangu siku kamera iliporudi, msafara uliosalia na karibu miaka miwili na nusu ya mwendo haukuwa tena na njia ya kuwatazama watu wake wakiwa wametulia. Ukabaki na njia mbili tu, mkono wa Grant na maneno. Na maneno, katika msafara ule, hayakuwa ya Kiingereza peke yake. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Yeye na Sidi Mubarak Bombay walizungumza Kihindustani, lugha ambayo Bombay aliipata India alikofikishwa akiwa mtumwa baada ya kutekwa Uyaoni na kuuzwa Kilwa. Bombay alikuwa mkalimani wa lugha iliyokuwa si yake wala si ya bwana wake. Tunapoisoma nathari ya Speke tunasoma mazungumzo yaliyopita katika malango matatu au manne kabla ya kufika kwenye karatasi.

Hapa ndipo nathari ya Waswahili inapopaswa kuingia. Msomaji wa mkusanyo wa Velten, au wa Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 na baadaye kutolewa upya na W. H. Whiteley, atashangazwa kwanza na jinsi mandhari yalivyo machache. Wahakiki kadhaa wamelihesabu jambo hilo kuwa upungufu: msimulizi hatuonyeshi mlima, hasimami kutazama machweo, hatuelezi uso wa mtu. Kinachojaa ukurasa ni vitenzi. Watu wanaondoka, wanafika, wanalala, wanadaiwa hongo, wanakataa, wanatoa, wanapita. Kiambishi -ka- kinavibeba vitendo hivyo kimoja baada ya kingine kama wapagazi katika njia nyembamba, kila kimoja kikiona mgongo wa kilichotangulia. Msomaji aliyezoea riwaya ya kisasa huchoka. Aliyewahi kusikiliza wazee wakisimulia safari hachoki, kwa sababu anajua kwamba mpangilio huo ndio maana yenyewe: habari ya safari ni mfuatano wake, na mahali huwa na thamani kwa sababu ya kile kilichotokea hapo, deni lililolipwa au chakula kilichokosekana.

Kwa mtazamo huo kinachoitwa upungufu wa mandhari ni msimamo wa kisanaa. Kamera ya kolodioni iliweza kuhifadhi mahali bila tukio. Nathari ya -ka- ilihifadhi tukio, na mahali pakawa jina tu, Kazeh, Ujiji, Ugogo. Kamera haikuweza kuuona mwendo, na msimulizi wa pwani hakuona sababu ya kutua.

Kuna tahadhari mbili ambazo ni lazima tuziweke wazi, hasa kwa wanafunzi wanaopenda kuzipa nathari hizi cheo cha sauti safi ya Mwafrika. Masimulizi ya Velten yalitolewa kwa ombi la mwalimu wa Kijerumani, kwa ajili ya wanafunzi wa Kijerumani waliojiandaa kuja kutawala. Mtoro bin Mwinyi Bakari mwenyewe alikwenda kufundisha Berlin. Maisha ya Tippu Tip nayo yaliandikwa kwa kushawishiwa na Heinrich Brode. Kwa hiyo waandishi hawa pia waliwekwa mbele ya aina fulani ya kamera na kuambiwa watulie waseme. Tahadhari ya pili ni ya kitabaka. Anayesema katika nathari hizi ni mfanyabiashara, au mtumishi mwenye elimu ya chuoni, au tajiri wa pembe za ndovu. Mpagazi aliyechukua frasila zake mbili ni wao kwake, si mimi. Katika jambo hili moja nathari na picha hazitofautiani sana kama tungependa.

Salim bin Abakari anatupa mfano wa kupindua mambo. Alifuatana na Bumiller, Mjerumani, mpaka Siberia, na huko akawa yeye msafiri mwenye kutazama nchi ya wengine. Tofauti na wenzake waliosimulia bara, Salim hutua mara kwa mara kueleza vyombo, nyumba, mavazi, chakula na desturi. Kwa nini? Jibu letu ni kwamba hakuwa tena katika nchi ambayo hadhira yake ingeweza kuitambua kwa jina tu. Bagamoyo mtu akitaja Ugogo, msikilizaji anajua kiu na hongo. Akitaja mji wa Siberia hajataja kitu. Salim alilazimika kufanya kwa maneno kazi iliyofanywa na kioo cha Kirk, na alipoifanya, -ka- yake inapungua na nyakati nyingine za kitenzi zinaingia. Ushahidi huu unaonyesha kwamba wasimulizi wa pwani walikuwa na uwezo wa kueleza mandhari wakati wote. Waliutumia ulipohitajika.

Turudi kwa watu wa msafara, kwa maana baadhi yao hatimaye walipigwa picha. Jambo la kuangalia ni wapi. Speke na Grant walipofika Cairo mwaka 1863, wale watu 18 waliokwenda nao njia yote, Bombay akiwa kiongozi wao, walipangwa mbele ya kamera mjini humo, wakapelekwa pia kutazama maonyesho na kusikiliza muziki, kisha wakarudishwa Unguja kwa njia ya Bahari ya Shamu. Speke amewaita waaminifu wake. Chuma na Susi, waliokuwa pamoja na Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873 na ambao pamoja na wenzao waliufikisha mwili wake Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, walipigwa picha Uingereza katika kiangazi cha mwaka huo, huko Newstead Abbey. Katika mifano yote miwili kamera iliwaona baada ya safari kwisha, mbali na njia, wamevaa na kusimama kama walivyoelekezwa. Safari iliwafanya wastahili kupigwa picha, na picha ikaificha safari.

Kisa cha Kalulu kinazidi. Mtoto huyu alipewa Henry Morton Stanley huko Unyanyembe mwaka 1871. Jina lake lilikuwa Ndugu Mali. Stanley hakulipenda, na mtu mmoja wa msafara akapendekeza Kalulu. Mwaka uliofuata wawili hao walisimama katika studio London, Stanley amevaa mavazi yake ya safari, Kalulu nyuma yake, na nyuma yao wote pazia lililochorwa. Picha hiyo iliuzwa kwa umma. Kwa hiyo miongoni mwa picha zilizojulikana sana Ulaya kuhusu safari ya Afrika Mashariki, mojawapo ilipigwa mahali ambapo hakuna hata unyasi mmoja wa Afrika Mashariki. Studio ilikuwa imegundua ambacho Grant alikigundua ndani ya hema lake: njiani kamera haiendi vizuri, kwa hiyo njia iletwe kwenye kamera. Kalulu alirudi barani na Stanley na kufa maji katika mto Kongo mwaka 1877. Kuhusu maporomoko yale tuna maneno ya Stanley, pamoja na jina la Kalulu ambalo Stanley aliyapa.

Chuma na Susi wanatusaidia kwa njia nyingine. Walipokuwa Uingereza walimsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizotoka mwaka huo huo wa 1874. Shajara ya marehemu inakoma siku chache kabla ya kufa kwake, na yaliyofuata, yaani kifo chenyewe, kuhifadhiwa kwa maiti, na miezi ya mwendo kurudi pwani, yanatokana na masimulizi ya mdomo ya watu hawa wawili. Waller ndiye anayeshika kalamu, na adabu yake ya Kikanisa imetanda kila mahali. Hata hivyo mtu akizisoma kurasa hizo kwa sikio la Kiswahili atahisi mabadiliko. Livingstone aliyekuwa akisimama kuandika juu ya mvua na minyoo ametoweka. Sasa watu wanaondoka, wanafika, wanazuiwa, wanajadiliana, wanapita. Sehemu ya mwisho ya kitabu kile mashuhuri, kwa maoni yetu, ina mifupa ya simulizi la msafara iliyovikwa nyama ya Kiingereza. Sijui kama kuna mhakiki wa Kiswahili aliyeidai kuwa yetu, na ningependa ianze kufundishwa hivyo.

Susi, na hili ni la kutajwa kwa sababu linaunganisha ncha mbili za makala haya, alitoka Shupanga, kwenye mto ule ule ambao Kirk aliupiga picha. Hatudai kwamba alipata kusimama mbele ya kioo cha Kirk. Tunasema tu kwamba kutoka Shupanga hadi Newstead kuna miaka kumi na moja ya kutembea, na katika miaka hiyo yote kinachomhifadhi ni maneno, yake na ya wengine.

Mambo yalibadilika upande wa kamera upesi kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alitangaza njia ya kioo kikavu, na hema la giza likaanza kupoteza kazi. Mwaka 1888 George Eastman alileta Kodak, kijisanduku chenye uwezo wa kupiga picha 100 kabla ya kufunguliwa. Sasa iliwezekana kuwapiga wapagazi wakiwa njiani, mizigo vichwani, mguu umeinuliwa. Kamera hatimaye ilikuwa imepata kitenzi chake. Lakini reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mwaka ule ule wa kitabu cha Velten. Upande wa Wajerumani misafara iliendelea kidogo zaidi, mpaka reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo picha nyingi za msafara ukitembea tulizonazo ni picha za taasisi iliyokuwa ikifa, na wanaozichapisha katika vitabu vya shule kuonyesha zama za Speke wanatumia ushahidi wa kizazi kingine. Tumeliona kosa hili mara nyingi, na maelezo yaliyowekwa chini ya picha hizo kwa kawaida ni neno moja: wapagazi.

Swali la mwanafunzi wetu, basi, linajibika hivi. Aliyebeba kamera hayumo katika picha, kwa kuwa picha ilihitaji mwendo ukome ndipo ianze. Naye alikuwa mwendo. Hayumo vizuri katika nathari ya pwani pia, kwa kuwa nathari ile ilisimuliwa na aliyemlipa au aliyemtangulia. Yumo, kwa jina, mahali pasipotarajiwa na mhakiki wa fasihi. Speke aliweka mwishoni mwa kitabu chake orodha ya watu wa msafara, majina yao pamoja na habari za nani alitoroka na nani alibaki. Orodha hiyo haina -ka- wala sura ya mtu. Mtu akiiweka mezani kando ya picha ya Cairo, na kando yake simulizi la maisha ya Bombay ambalo Speke alilinukuu na kulitafsiri, ana vipande vitatu vya habari moja, na kazi ya kuvioanisha ni ya mhakiki kama ilivyo ya mwanahistoria.

Majina ya watu walioirudisha kamera ya Grant pwani katika miezi ya mwisho ya 1860 ni ya kutafutwa hapo kwanza. Msafara wenyewe haukungoja. Mwezi wa Januari 1861 ulikuwa umefika Kazeh.